Alama ya Chaki Juu ya Sinki

Wakoli alijua mahali pa kuiweka. Tuanzie hapo, asije mtu akamtetea kwa kusema fundi hakusoma. Alisoma. Alikaa miaka miwili katika chuo cha ufundi Bungoma, akafundishwa mabomba na mwalimu mkali aliyerudia jambo moja mpaka wanafunzi wakaliota usingizini: valvu ya usalama, ile inayotema maji shinikizo likizidi, hukaa pamoja na chombo inachokilinda, na kati yao pasiwe na kitu chochote kinachoweza kufungwa. Maji huwa mapole yakiwa na njia. Yafungie huku na huku, yapashe moto, yatavimba, na yakikosa pa kutokea yatajitafutia yenyewe.

Chombo chenyewe kilikuwa kipozeo kipya cha maziwa, katika kiwanda kidogo cha wafugaji nje ya mji wa Kitale. Ni sahani nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja kama chapati zilizopangwa, na kila mbili zimetenganishwa na raba. Upande mmoja wa sahani hupita maziwa yaliyotoka motoni, upande wa pili maji baridi. Bomba la maji lina geti la kufunga kabla ya kipozeo, na geti jingine baada yake. Valvu ya usalama ilitakiwa ikae kwenye kile kipande kifupi cha bomba kilicho kati ya kipozeo na geti la kutokea. Jumatatu, saa ya chakula, chumba kikiwa kitupu, Wakoli alipanda ngazi, akapima, akachora msalaba wa chaki palepale panapotakiwa.

Kisha saa nane ikafika, na mama mkwe wake akarudi kwenye sinki lake.

Huyu aliitwa Nangila. Alikuwa mwosha mikebe ya maziwa katika kiwanda kile tangu kabla Wakoli hajaajiriwa hapo, na bintiye Nasike ndiye mke wa Wakoli. Sinki lake lilikuwa chini ya bomba lile, sawasawa chini ya ule msalaba. Na kwa watu wa kwao, mwanamume hamkaribii mama wa mkewe. Hampi mkono, hakai naye meza moja, hapiti nyuma ya kiti chake. Haya hiyo hupunguzwa siku mkwe anapompelekea mama blanketi mbele ya wazee, na Wakoli alikuwa na miaka sita ya ndoa huku blanketi likiwa bado dukani. Kila mwaka alisema Desemba. Basi mle kiwandani waliishi kwa kukwepana: yeye akitumia mlango wa nyuma, mama akigeukia ukuta akisikia buti zake. Ujumbe wote ulipitia kwa Nasike.

Sasa fikiria ngazi. Miguu yake ingebidi iwekwe upande huu na upande ule wa sinki, na Wakoli asimame juu yake saa nzima, suruali yake ikining'inia juu ya kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyemzaa mkewe. Afadhali angeambiwa avue nguo sokoni.

Angeweza kumwambia meneja amwondoe mama kwa muda mfupi. Angeweza kumtuma Nasike. Lakini hata kuutuma ujumbe ule aliona kama kumtukana mama, maana ungemwambia waziwazi ni nini mkwe wake alikuwa anapanga kufanya juu ya kichwa chake. Jumanne saa ya chakula akachungulia mlangoni, mama yupo, mikebe imezidi, anakula palepale. Jumatano akachungulia, mama yupo, anasugua mikebe, na shingo yake imeinama. Mkaguzi alikuwa aje Ijumaa. Alhamisi Wakoli akachukua valvu mpya ya shaba, akazunguka nje ya ukuta, akaifunga kwenye bomba lile lile, lakini ng'ambo ya geti.

Ilipendeza macho, nitasema ukweli. Iling'aa pale ukutani. Meneja, Abdikarim, kijana wa mjini Kitale ambaye nyumba yao iko karibu na msikiti, alitoka kuiangalia.

"Mbona iko nje?"

"Nje ni rahisi kuhudumia, boss. Pia ikitema maji haitalowesha wafanyakazi."

"Hapo umefikiria," Abdikarim akasema, akatia sahihi. Mkaguzi naye akaja, akaona valvu ipo, akaandika ipo.

Siku ya mafunzo, Abdikarim alimweleza Jepkemboi, mwendeshaji wa mitambo, jinsi kipozeo kipya kinavyofanya kazi. Wakoli alikuwa amesimama hapo hapo, mikono mfukoni.

"Ukitaka kusafisha chujio la maji, zima moto, halafu funga mageti yote mawili. Usiogope. Pressure ikipanda, sefti valvu itatema."

Wakoli alilisikia neno lile likipita. Alijua kwamba geti likifungwa, valvu ile haina habari na kipozeo, ni pambo tu la ukutani. Alifungua mdomo, akaona sinki, akaufunga.

Wiki nne baadaye, Jumatano saa nne asubuhi, Jepkemboi alisafisha chujio kwa mara ya kwanza. Alizima moto. Alifunga geti la kuingilia, akafunga la kutokea. Ndani ya sahani mlibaki maziwa ya moto, na upande wa pili maji yaliyokosa njia. Wakoli alikuwa uani akinoa msumeno. Alisikia mlio mmoja mzito, kisha kelele ya mwanamke.

Alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Raba ya kipozeo ilikuwa imepasuka, na maji moto na maziwa yalikuwa yanaruka kwa pembeni moja kwa moja kwenye sinki. Nangila alikuwa chini, mgongo wake ukipigwa na ule moto, anajaribu kutambaa na sakafu inamtelezesha. Kati yake na Wakoli palikuwa na hatua tatu.

Na Wakoli akasimama.

Sitaki kumwonea. Haikuwa muda mrefu, pumzi moja au mbili. Lakini alisimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, kwa sababu mwanamke aliyekuwa chini ni mama mkwe, na nguo yake ilikuwa imepanda, na mwili wa Wakoli ulikataa kabla kichwa hakijaamua. Akapiga kelele, "Jepkemboi! Jepkemboi, mshike mama!" Na Jepkemboi, aliyekuwa upande wa pili wa chumba akitafuta ufunguo wa kufungulia chujio, aliingia ndani ya mvuke kwa mikono mitupu, akamshika mama kwapani na kumburuta mpaka nje. Alipomwachia, mikono yake yote miwili ilikuwa imebabuka mpaka kwenye viwiko.

Nangila alilazwa wiki moja Kitale, kisha wanawe wakamchukua nyumbani Malakisi, huko Bungoma, akauguzwe na watu wake. Jepkemboi alitibiwa, akafungwa bandeji, akapewa barua. Barua ilisema kwamba alifunga mageti bila kuzima moto, na kwamba kamati ya wafugaji ingekaa Jumatatu ya pili baada ya ajali kuamua kama atafutwa. Alisema alizima. Nani angemwamini? Valvu si ipo pale ukutani, inang'aa, na karatasi ya mkaguzi inasema ipo.

Wakoli hakusema kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mtu aliyenyamaza ni ndefu, nayo huitembea peke yake. Siku ya pili baada ya ajali aliingia kwenye kile chumba, akapanda juu ya sinki, akatoa kitambaa mfukoni. Msalaba wa chaki ulikuwa bado pale. Alifuta mstari mmoja. Alipoinua mkono afute wa pili akasikia hatua, akaruka chini. Alikuwa Jepkemboi, amekuja kuchukua gambuti zake, na kwa kuwa hakuweza kuzishika alikuwa anazisukuma kwa mguu.

"Nikusaidie?" Wakoli akauliza.

"Zitie tu kwa karatasi. Asante sana, fundi."

Alizitia kwenye mfuko na kumtundikia begani. Lile "asante sana" lilimchoma kuliko matusi. Usiku na mchana alilisikia.

Jumamosi kabla ya kikao alikwenda Malakisi. Nasike alikuwa ametangulia kumwuguza mama. Wakoli alipita dukani, akanunua, hatimaye, lile blanketi: zito, la maua mekundu, bado ndani ya nailoni yake. Alidhani amefanya jambo la maana. Nasike alimpokea mlangoni, akalitazama, akamtazama yeye.

"Baba Nafula," akasema polepole, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mama ameungua mgongo. Hawezi hata kufunikwa na leso."

Wakoli akabaki amelikumbatia, hajui aliweke wapi.

Shemeji yake, Sifuna, ndugu mkubwa wa Nasike, alimpokea kwa mikono miwili. Kuku alikuwa amechinjwa. Alimketisha kwenye kiti kizuri sebuleni, akaanza kumsifu mbele ya jirani wawili waliokuja kumjulia mama hali.

"Huyu ndiye mkwe, bana. Wengine wana wakwe, sisi tuna mtoto. Si ni yeye alifika wa kwanza? Si ni yeye aliita yule msichana atoe mama? Angekosa kuita, leo tungekuwa tunaongea mambo ingine."

Jirani wakaitikia. Sahani ikaletwa, na juu yake firigisi, maana firigisi ya kuku ni ya mkwe na hailiwi na mwingine. Wakoli akaitia mdomoni. Alitafuna, akatafuna, haikutaka kumezeka. Wote walikuwa wanamwangalia kwa upendo. Angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua kupigwa makofi.

Sifuna na Nasike walipotoka kuwasindikiza jirani, Wakoli alibaki peke yake. Chumba cha kulala kilitengwa na sebule kwa pazia tu, na nyuma ya pazia mama alikuwa amelala kifudifudi. Wakoli aligeuza kiti chake, akaupa mlango ule mgongo, kama inavyompasa.

"Baba Nafula." Sauti ilikuwa nyembamba.

"Naam, mama."

"Ile msalaba ya chaki kwa bomba. Si ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa naiona kila siku nikiinua kichwa. Nikasema mkwe anataka kufanya kazi hapa juu. Nikangoja Nasike aniambie, mama, toka kidogo. Ningetoka. Ningekaa huko nje kwa jua hata siku mzima. Lakini hakuna mtu aliniambia kitu. Halafu nikaona ile kitu umeweka huko nje. Mbona hukusema?"

"Niliona haya, mama."

Nje Sifuna alikuwa anacheka na jirani kwenye lango.

"Haya," Nangila akasema. "Mimi pia niliona haya, ndio maana sikuuliza. Ningemwambia Nasike akuulize. Sikumwambia. Lakini sikia. Yangu imenichoma mimi mwenyewe. Yako imechoma mtoto wa wenyewe."

Wakoli aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa nailoni ya blanketi.

"Huyo Jepkemboi alipiga simu jana," mama akaendelea. "Hawezi kushika simu, ni dada yake alikuwa anamshikia. Ati, mama nisamehe, nilifunga vibaya. Ananiomba msamaha, mimi! Nikakosa ya kumwambia. Mimi sijui mambo ya mabomba. Wewe ndio fundi. Niambie: alifunga vibaya?"

Angeweza kusema labda. Angeweza kusema mambo ya mitambo ni magumu, mama, tuyaachie kamati. Maneno yote hayo yalikuwepo, yamepangwa tayari mdomoni.

"Hapana, mama. Alifunga vizuri. Ni mimi niliweka vibaya."

"Basi Jumatatu uwaambie hivyo." Akavuta pumzi kwa maumivu. "Na hiyo blanketi rudi nayo. Siku utaileta tena, nitajua kama nitaipokea."

Sifuna aliporudi alimkuta shemeji yake amesimama, tayari kuondoka, macho mekundu. "Ona vile anamhurumia mama," Sifuna akamwambia Nasike. Wakoli akaondoka bila kumsahihisha. Hata siku ile, hata baada ya kusema, alibakiza uwongo mdogo wa njiani.

Jumatatu kamati ilikaa ofisini: wafugaji watano, Abdikarim akiwa mbele na karatasi. Jepkemboi alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono yake imefungwa nyeupe, ameiweka juu ya mapaja kama vitu alivyopewa amwangalizie mtu. Abdikarim alisoma barua mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mwenye la kuongeza.

Wakoli alisimama. Alikuwa amepanga maneno tangu Malakisi, yote yakamtoroka.

"Huyu dada hana makosa. Valvu niliiweka ng'ambo ya geti. Akifunga geti, valvu imefungiwa nje. Hata angezima moto mara kumi."

Mzee mmoja wa kamati akasema hajaelewa. Wakoli akawaomba waende waone. Wakamfuata mpaka kwenye kile chumba, wakasimama kuzunguka sinki, na akawaonyesha bomba, kipozeo, geti, kisha akaelekeza kidole kwenye mstari mmoja wa chaki.

"Ilitakiwa ikae hapa. Nilipapima mwenyewe kabla."

"Huo mstari ndio alama?" Abdikarim akauliza.

"Ilikuwa msalaba. Mstari mwingine niliufuta."

"Lini?"

"Siku ya pili baada ya ajali."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Jepkemboi hakucheka. Aliangalia ule mstari, kisha akaangalia gambuti zake mwenyewe, na Wakoli akaona ameikumbuka siku ile na lile "asante sana" alilompa.

"Lakini kwa nini, Wakoli?" Abdikarim sasa alikuwa anauliza kama rafiki, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ulijua. Ulipima. Kwa nini?"

"Mama Nangila ni mama mkwe wangu. Sinki lake liko hapa chini. Singeweza kupanda juu yake."

Wafugaji wawili waliotoka upande wa Bungoma wakatazama chini. Walielewa upesi, na kuelewa kwao hakukumsaidia kitu. Abdikarim alijipangusa uso kwa kiganja.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningemwita mama ofisini nimpe chai. Nusu saa. Nusu saa ya chai, Wakoli."

Hakuna tusi ambalo lingemfikia pale nusu saa ile ilipomfikia.

Kamati haikuchukua muda. Jepkemboi arudi kazini mikono ikipona, na barua yake ichanwe. Wakoli aende. Abdikarim alikunja karatasi zake, na mlangoni akageuka.

"Kabla hujaondoka, iweke mahali pake. Sitaki fundi mwingine aje kuniuliza mbona iko nje."

Wakatoka. Wakoli alifungua valvu kutoka ukutani, akarudi nayo ndani, akaegemeza ngazi, mguu mmoja upande huu wa sinki na mwingine upande ule. Sakafu ilikuwa na utelezi wa maziwa yaliyoganda. Alipanda hatua ya pili, miguu ya ngazi ikateleza, akaruka chini. Alijaribu tena, ikateleza tena. Alipogeuka kutafuta gunia la kuweka chini yake, alimwona Jepkemboi. Hakuwa ameondoka. Alikuja, akasimama pale Nangila alipokuwa akisimama, akaegemeza nyonga yake kwenye ngazi, na viwiko juu ya ukingo wa sinki.

"Panda."

"Jepkemboi, mikono yako."

"Sishiki na mikono. Panda."

"Mimi nataka kukuambia..."

"Sikushikilii wewe, fundi. Nashikilia ngazi. Panda umalize."

Akapanda. Buti zake zilipita karibu na shavu la Jepkemboi. Juu kule alisimama, suruali yake juu ya kichwa cha mwanamke hata hivyo, akaona chini yake mstari wa nywele na zile bandeji mbili nyeupe. Alikata bomba pale penye chaki. Maji yaliyosalia ndani yakadondoka, matone matatu au manne, baridi, yakamwangukia Jepkemboi begani.

Alishtuka. Mwili mzima ulishtuka, na ngazi ikatetemeka mpaka juu. Wakoli alishikilia bomba, akafumba macho, akingoja asikie hatua za Jepkemboi zikienda mlangoni.

Hazikwenda. Ngazi ikatulia. Akafumbua macho, akaendelea kukaza.